Chupa Uliyoiandika Nyongeza

Karakana ya Vioo,
mlango wa bluu, nyuma ya soko,
Jumamosi, tarehe 14, saa nne asubuhi.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi sana kutoka kwa mdogo wako asiyetulia. U mzima? Shemeji naye, mgongo umempa likizo au bado unamsumbua? Na wale wazee unaowatunza, yule bibi anayekuita kwa jina la marehemu dada yake, bado anakuita hivyo? Nataka kusikia kwamba siku hizi unakula umekaa, si kusimama koridoni na sahani mkononi kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamuuma asubuhi, jua likipanda anayasahau. Mwanangu Kasuku meno mawili ya mbele yameng'oka, lakini usidhani amepunguza kusema. Mimi mwilini ni mzima. Moyoni ndiko kwenye fujo.

Nakuandikia juu ya meza ya kukatia vioo kwa sababu nyumbani hapakaliki. Mama anafagia. Chumba kimoja amekifagia mara tatu tangu alfajiri, tena amevaa gauni la kwendea harusini. Leo saa nane wifi yako anarudi. Anarudi na mtoto, na sanduku la nguo, na lile godoro dogo la mtoto lenye maua. Miezi minne amekaa kwa mama yake, leo anarudi nyumbani kwake.

Ningepaswa kuwa naruka kwa furaha. Lakini kuna jambo moja sijamwambia, na kabla hajaweka sanduku chini ni lazima alijue. Nimejaribu kulisema nikiwa peke yangu, nikiongea na ukuta, na hata ukuta nimeshindwa kuutazama usoni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Wewe umenifuta makamasi, kwako naweza kuanza.

Samahani, nimeinuka kwenda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa. Umefungwa. Kisha nikainuka tena kuhakikisha. Ukiona mahali mwandiko umepinda, ujue hapo miguu ilikuwa imeshaondoka na mkono unaifuata. Hukukosea uliponipa jina la Pia nikiwa na miaka minne, nikizunguka uani kama pia ya mbao hadi naanguka. Nina miaka thelathini na minane na bado sijasimama.

Kwanza nitoe shukrani, maana bila shukrani utadhani barua hii ni ya kukusuta. Kifurushi kilifika salama, siku yangu ya hamsini na mbili. Unajua nilikuwa nahesabu siku tangu nilipoacha pombe, kila siku alama moja ya chaki nyuma ya mlango wa karakana. Mzee Rula, bosi wangu, alidhani ni hesabu ya madirisha. Alipojua ni hesabu ya nini, asubuhi iliyofuata nilikuta ameniwekea chaki mpya.

Mama alifungua kifurushi kwa kisu cha mkate, akavipanga vikopo vyote dirishani jikoni. Vilipendeza. Na vile vibandiko ulivyovibandika juu ya maandishi ya kigeni, kwa mkono wako, wino wa kijani, herufi kubwa kana kwamba pombe ilinitoa na macho! VITAMINI B, KIMOJA ASUBUHI. MAGNESI, YA MISULI NA USINGIZI. MAFUTA YA SAMAKI, BAADA YA KULA, USITAFUNE. Nilitafuna. Siku ile paka wa jirani alinisindikiza hadi kazini.

Mama akajiteua kuwa mkuu wa dawa. Kila asubuhi ananiletea vidonge kwenye kisahani cha chai, anasimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha anasema, "Fungua mdomo." Mimi, baba wa mtu, nafungua mdomo. Na ule unga wa kopo la bluu anaukoroga kwenye maziwa mpaka unatoa povu, nami naunywa wote na kulamba kijiko. Huo sina neno nao hata kidogo.

Sitaki kutia chumvi, Dada, lakini nilianza kuona tofauti. Hamu ya chakula ilirudi. Ganzi ya vidole vya miguu, ile niliyokuwa nikisema ni viatu, ilipungua. Usingizi ukawa unakuja wenyewe bila kubembelezwa. Na mikono ndiyo iliyonitoa machozi. Mzee Rula alinipa kioo cha dirisha la choo, kidogo tu, cha majaribio, akaenda kusimama mbali akijifanya anatafuta misumari. Nikakata. Mstari ukanyooka kama uzi. Aliokota kile kipande, akakiinua kwenye mwanga, akasema, "Haya, fundi amerudi." Nikajifanya nina vumbi jichoni.

Unakumbuka nilivyokueleza jinsi kioo kinavyokatwa? Watu wanadhani kisu kinapita mpaka chini. La. Ile ncha ya almasi inakwaruza juu tu, mara moja, mkono hautetemeki wala hausimami katikati, kisha unakiweka kioo ukingoni mwa meza na kukivunja kwa kukibonyeza, kinafuata mkwaruzo. Siri yote iko kwenye hiyo mara moja. Ukirudia kupita juu ya mstari, hata kwa nia njema, hata kwa kusema ngoja niongezee kidogo, kioo kinakukasirikia na kupasuka kinakotaka chenyewe. Siku ya kwanza kabisa Mzee Rula aliniambia: kioo hakitaki nyongeza.

Kumbe ndilo neno lenyewe lililonileta hapa. Ngoja ninywe maji.

Dada, kulikuwa na chupa ya kahawia. Unaikumbuka, ilikuwa kubwa kuliko vyote, umeizungushia fulana ya shemeji isivunjike. Kibandiko chake ulikiandika hivi, nakiona mpaka sasa nikifumba macho: NYONGEZA. YA DAMU NA NGUVU. KIJIKO KIMOJA. UKIJISIKIA MCHOVU ONGEZA KINGINE.

Hukujua, wala ungejuaje. Ulishaondoka kabla sijaanza kulewa kisawasawa. Pale kwenye baa tulipokuwa tukikaa, baada ya glasi ya mwisho kulikuwa na nyingine, na hiyo iliitwa nyongeza. Nyongeza haikuhesabiwa. Mtu alikunywa mbili na nyongeza, tatu na nyongeza, akienda nyumbani anaapa kabisa kwamba amekunywa mbili, amekunywa tatu. Miaka yote ile nilikuwa nikiingia mlangoni nikishika ukuta, nikimwambia wifi yako, "Moja tu, mke wangu. Hiyo nyingine ilikuwa nyongeza."

Alilichukia neno hilo mpaka basi. Mwalimu wa Kasuku aliwahi kuandika kwenye daftari "kazi ya nyongeza", wifi yako akalifunga daftari kama limemng'ata. Sasa wewe, kwa upendo wako wote na wino wako wa kijani, ukaniandikia neno lile lile kwenye chupa na kuipeleka kwa posta.

Niliifungua siku ya hamsini na sita, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Ilinukia maganda ya chungwa. Nikamimina kijiko, nikanywa. Kwanza ilikuja ladha ya chuma, kisha uchungu, halafu, chini kabisa, kitu kikanipitia kooni na kukaa kifuani, chenye joto. Ulimi ulikijua kabla yangu. Nilisimama pale jikoni na kijiko mkononi, na nilijua. Usije ukasikia mtu akisema Pia hakujua. Nilijua kwa kijiko cha kwanza.

Mama aliuliza, "Ni chungu?"

"Kidogo tu," nikamwambia. Kisha nikamimina cha pili, maana si uliandika mwenyewe, ukijisikia mchovu ongeza kingine? Na mimi ghafla nilikuwa mchovu sana.

Jumanne yake nilikuwa na zamu yangu ya kwenda zahanati. Muuguzi anayetusimamia sisi tunaoacha, mama mmoja mnene asiyecheka hovyo, alikuwa ameniambia nimletee kila kitu ulichotuma akitazame. Nikavitia vikopo vyote kwenye mfuko. Chupa nikaiacha. Nilijiambia ni nzito. Hebu fikiria, mtu anayebeba vioo vya madirisha ya duka analalamika kwamba chupa ni nzito.

Alivikagua kimoja kimoja kwa miwani yake ya kamba. Akasema vitamini B ni sawa kabisa, hata wao wangenipa, kwa sababu pombe humaliza vitamini hizo mwilini na ndizo zinazolisha mishipa. Magnesi akaikubali, ila nisizidishe. Mafuta ya samaki akasema hayana ubaya. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Dada yako anakupenda," akasema. "Lakini nikwambie ukweli. Hivi vinarudisha kilichopungua, vinakupa nguvu ya kusimama. Humu hakuna kidonge kitakachokataa glasi kwa niaba yako. Hiyo kazi ni yako, na ya hawa wenzako mnaokaa nao hapa." Akaniuliza kama ndivyo vyote. Nikasema ndivyo vyote.

Tangu siku ile, Dada, mambo yaliteremka. Asubuhi namezeshwa vidonge vyangu mbele ya Mama, mdomo wazi, mtoto mwema. Jioni kijiko, na kijiko, na baadaye kifuniko badala ya kijiko kwa sababu vijiko vinapiga kelele. Nikaihamishia chupa karakanani, nikamwambia Mama naihitaji kazini mchana. Aliniamini. Aliifunga kwenye taulo safi.

Na kila asubuhi niliendelea kuchora alama ya chaki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hamsini na saba, hamsini na nane, sitini. Nilikuwa nachora kwa mkono uleule. Nikijiuliza moyoni, najibu kwamba haihesabiki, ni nyongeza.

Siku moja mchana Mzee Rula alikwenda kupima madirisha ya mteja, nikabaki peke yangu. Nikaenda nyuma, kule tunakosimamisha vioo vizima ukutani, nikainua chupa bila kifuniko, bila kijiko. Nikafumbua macho na kujiona kwenye vioo vile, mara sita, mmoja nyuma ya mwingine, wote wameinua chupa. Nilicheka, nakwambia kweli. Kisha nikageukia upande mwingine, nikaendelea kunywa.

Nimetoka nje kidogo kupunga hewa. Muuza vitunguu ameniuliza kama nimepoteza kitu, maana nimepita mbele yake mara nne. Nikamwambia nanyoosha miguu. Saa zinakwenda, sasa ni saa tano na robo, ngoja nisizunguke.

Kasuku alikuja kukaa nasi mwisho wa wiki, kama kawaida yetu tangu mama yake aondoke. Anajua kusoma sasa. Anasoma kila kitu, mabango, magazeti ya kufungia nyama, namba za magari. Chupa nilikuwa nimeirudisha nyumbani siku ile, ipo kwenye taulo chini ya meza. Akaitoa na kusoma kwa sauti, silabi moja moja, "Nyo-nge-za." Akafurahi kwa kuliweza. Jumapili jioni mama yake alipomuuliza baba anaendeleaje, akasema, "Baba hajambo. Anakunywa nyongeza."

Wifi yako alikuja Jumatano alasiri. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na mwavuli mkononi na hakukuwa na mvua wala jua. Sauti yake ilikuwa ndogo, na unajua akipunguza sauti ndipo mtu anapotakiwa kuogopa. "Siku sabini na tatu ulizoniambia," akasema. "Na ukaona umtume mtoto aniletee habari?"

Mama ndiye aliyeruka kujibu kabla yangu. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamvuta mkwewe mkono hadi jikoni, akamwonyesha vikopo, akatoa na chupa, akamwekea kibandiko mbele ya macho. "Tazama! Wifi yako ameandika mwenyewe. Nyongeza ya damu! Dawa za kujenga mwili hizi, mwanangu, si ile nyongeza yenu ya baa." Wifi yako alisoma. Akasoma tena. Aliujua mwandiko wako. Akakaa kwenye kiti, akaanza kucheka naye, kicheko kikageuka kilio, akanishika mkono.

"Nisamehe," akasema. "Nimekudhania vibaya."

Dada, alikuwa amenidhania vizuri. Alikuwa amepiga palepale, kwa kosa la mtoto na kwa neno lako, akafika kwenye ukweli kuliko sisi wote tuliokuwa mle ndani. Na aliyekuwa na ukweli ndiye aliyekuwa akiomba radhi. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua kifuniko tu na kumwambia, nusa. Nilimwambia, "Yamekwisha, mke wangu."

Akasema Jumamosi ya wiki inayofuata atarudi na mtoto. Akaondoka anatabasamu, mwavuli ameusahau. Mimi nikaichukua ile chupa nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikaimaliza. Niliimaliza kwa sababu ya aibu ya kuombwa msamaha. Sijui kama hilo lina maana kwa mtu mwingine, kwangu lina maana yote.

Kesho yake, Alhamisi, tulikuwa na kioo cha mbele cha duka la viatu, kikubwa, kirefu kuliko mimi. Mzee Rula akaniachia. Nikaweka rula, nikashusha almasi, na katikati ya safari mkono ukatetemeka, kitu kidogo tu, ungesema ni kupepesa jicho. Ningesimama hapo nikamwambia, tungeokoa nusu yake. Mimi nikarudia mstari. Kikapasuka kutoka pembe hadi pembe, na kelele yake muuza vitunguu aliisikia.

Hakunifokea. Aliiweka rula yake mezani, akatazama mlango wenye alama zangu za chaki, akanitazama mimi. "Umerudia mstari," akasema, kisha akaenda kuchukua ufagio. Angeuliza ningemdanganya, na nadhani alijua.

Nilitoka na aproni yangu nikaenda moja kwa moja zahanati, haikuwa siku yangu. Chupa tupu nilikuwa nayo mfukoni. Nikaiweka mbele ya muuguzi. Hakushangaa hata kidogo, jambo lililoniudhi. Akakikwangua kibandiko chako kwa ukucha, taratibu, na chini yake kulikuwa na maandishi madogo ya kigeni, na namba kumi na saba, na alama ya asilimia. Akaniwekea kidole hapo. "Hii ni dawa ya kuongeza nguvu ya watu wazima, ya kimiminika," akasema. "Nyingine zina pombe, ndiyo inayoyeyusha vile vingine. Kwa mtu mwingine kijiko si kitu. Kwako ni mlango."

Sasa najua kwa nini yule bibi yako wa miaka themanini na mbili huimba akishapewa kijiko chake cha dawa hiihii baada ya chakula. Uliponisimulia kwenye simu ulisema ni nguvu za damu. Mwache aimbe, Dada, ana haki yake. Mimi ndiye nisiyeweza kuimba naye.

Nilidhani muuguzi atanifukuza. Aliniandika upya kwenye daftari lake, siku ya kwanza. Akasema vitamini niendelee nazo kama kawaida, nile vizuri, na kila jioni nipite pale nikakae na wenzangu, hata kama sina la kusema. Kisha akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akafunga daftari. "Basi hujaanza," akasema.

Nilirudi karakanani, nikachukua kitambaa chenye maji na kufuta alama zote sabini na tatu. Leo ni ya kumi. Zipo kumi tu pale mlangoni, na kila nikigeuka naziona zilivyo chache. Siku hizi kumi nimekuwa nikitembea tu. Nakwenda sokoni nisinunue kitu. Nafungua makabati. Usiku nasikia Mama akikoroma nami nazikunja na kuzikunjua shuka. Nimelitengeneza dirisha la jirani ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nisikilize vizuri hapa, maana nakujua, utasoma mpaka hapa kisha utatupa barua na kuanza kulia. Sikulaumu. Hata kidogo. Ulibandika karatasi yako juu ya maandishi ya kigeni ili Mama aweze kusoma. Mimi ndiye niliyejua na kunyamaza. Ninachokuomba ni hiki: vidonge tuma ukiweza, na unga wa kopo la bluu tafadhali, ila chochote cha maji maji kisome kwanza mpaka herufi ya mwisho, na ukibandika karatasi yako usifunike ya kwao.

Na usiniambie vidonge vitaniponya. Kila simu unaniuliza, umemeza? Nami najibu nimemeza, na sote wawili tunafurahi kama kazi imekwisha. Niulize lile lingine. Niulize, umekunywa? Hata kama linakuchoma kooni, uliza.

Sasa nikwambie nilichoamua, maana jua limepanda na Mama ameshatuma ujumbe kwamba maji ya kuoga yamepashwa moto. Nimepiga moyo konde. Wifi yako akifika mlangoni, kabla hajaketi, nitampa barua hii. Kwa mdomo najijua, nitaanza vizuri, nikifika katikati mkono utatetemeka, nitarudia mstari. Kwa hiyo aisome, yote, akitaka akae, akitaka asimame. Bahasha nimeiacha wazi. Ataifunga yeye, au ataichana, au ataondoka nayo. Ukiipata huko ujue yeye ndiye aliyeitia gundi.

Naogopa, Dada. Nasema tu hivyo, bila kulizunguka. Afadhali angerudi kwenye nyumba ya uongo, nimewaza hivyo mara mia siku hizi kumi, kisha namkumbuka amekaa kwenye kile kiti ananiomba radhi, na siwezi.

Msalimie sana shemeji, mwambie fulana yake ilifika salama na Mama anaitumia kufungia mikate. Wasalimie wanao wote wawili, yule mkubwa aache kukua, nguo zake zinamfikia mwenzake zikiwa mpya. Mama anakusalimu, anasema umepungua kwenye picha. Mzee Rula anakusalimu pia, yaani ameinua rula. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe wazee wapole na viatu visivyobana, na siku moja akurudishe tukae meza moja na sahani zetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ninayezunguka bado,

Pia


Wifi yangu,

Hapa naandika mimi. Amenipa barua mlangoni, sanduku likiwa bado mkononi. Nimeisoma nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa. Yeye alikuwa nje uani akizunguka, Mama akimuuliza ana nini.

Leo narudi kwa mama yangu, mimi na mtoto. Usifikiri ni hasira tu, ipo, lakini si hiyo peke yake. Nilisema nisamehe kwa sauti yangu, na yeye akaipokea, hilo bado linanikaa hapa. Jioni nitampeleka mdogo wako zahanati kwa miguu, nikamwone huyo muuguzi, niambiwe mimi mwenyewe.

Vidonge tuma. Neno lile usiliandike tena. Bahasha nimeifunga mimi.

Sanduku naondoka nalo. Godoro la mtoto nimeliacha, limeshatandikwa.